Matokeo Yaliyorudi Bombambili

Alhamisi, 5 Juni 2025

Kaka Urbani amefika na basi la Dar. Begi moja la nguo, maboksi manne ya vitabu. Konda aliuliza kama ni Biblia. Urbani akajibu: karibu na hapo. Basi konda, aliyekuwa anayaburuta, akaanza kuyabeba!

Mama alimngoja nje na baridi yote hii, kajifunga blanketi juu ya kitenge. "Umekonda, Profesa." Anamwita hivyo tangu arudi Ujerumani na udaktari wake. Ukweli ni profesa mshiriki, na hapo kwenye ushiriki amekaa miaka mingi. Sijui kama Mama hajui tofauti, au anaijua na anamchoma.

Wakati wa kula alitueleza. Kitabu ni chake, na safari hii ni cha Kiswahili: *Kaburi na Jumuiya*. Siku hizi, anasema, mtafiti anatakiwa kurudisha matokeo kwa wale aliowatafiti. Si hiari. Ina alama zake kwenye fomu ya kupanda cheo. Kamati inakaa katikati ya Julai, na yeye Novemba anatimiza sitini na tano, anastaafu. Ama aondoke akiwa profesa kamili, ama aondoke hivyo alivyo.

"Na umetuandika nini?" Mama akauliza.

"Mazuri, Mama."

Mimi nimeripoti habari za mkoa huu kwa miaka thelathini. Mtu akijibu haraka hivyo, huwa nachukua kalamu.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Zamu ya kusalisha jumuiya ilikuwa ya Mama. Tangu alfajiri viti vya plastiki vimepangwa uani, meza na kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Jumuiya ya Mtakatifu Notburga haichelewi. Mzee Eusebi, mwenyekiti, akikuta watu bado wanasogeza viti, anaanza Ishara ya Msalaba hivyo hivyo.

Alipomwona Urbani alifungua mikono. "Katibu wetu!"

Maana aliwahi kuwa katibu wao kweli. Mwaka ule aliochukua likizo ya chuo akaja kukaa hapa — 2011 kuelekea 2012. Kila Jumamosi yupo. Anaimba, anasoma somo, anachimba kaburi na wanaume wenzake. Wakamchagua katibu msaidizi, akakubali! Mama aliona mtoto aliyeacha seminari amerudishwa na Mungu kwa mlango wa nyuma. Alitoa misa ya shukrani.

Baada ya sala Urbani aligawa vitabu. Kila mtu alipokea kwa mikono miwili. Kasiana, jirani yetu na katibu wa sasa, alikibusu chake kama padri anavyobusu Injili. Nikamwona Urbani anaandika kitu kwenye simu.

Jumapili, 8 Juni 2025

Nimekisoma. Nilianzia alipoeleza namna alivyofanya utafiti, kwa sababu hapo ndipo mtu hukiri bila kujua. Ameandika: mazungumzo mengi yalirekodiwa kwa kifaa kidogo kilichowekwa katika mfuko wa shati, ili kutovuruga mazingira ya asili.

Mazingira ya asili. Yaani jiko letu.

Sura ya tatu ni ya "Mzee Fidelis", mwenyekiti anayewatisha watu kwa kaburi: usipokuja jumuiya, hatutakuzika. Marehemu mmoja aliyekuwa mvivu wa kusali alipelekwa makaburini na ndugu zake wanne na jembe la kuazima, huku Mzee Fidelis akibandika viraka vya baiskeli barazani, anawatazama wakipita. Bombambili nzima inajua nani alikuwa fundi baiskeli na baraza lake liko wapi.

Sura ya tano ni ya "Bibi Rozalia". Mjane. Kiongozi wa zamani wa jumuiya. Aliuza vitumbua. Nyumba ya kona jirani na bomba la maji. Kabadilisha jina la Mama, vitumbua kaviacha palepale!

Bibi Rozalia kila mwaka kabla ya kupanda mahindi huenda kijijini kwenye kaburi la mumewe, upande wa Peramiho. Anakwenda na unga wa ulezi. Anaumwaga pale kichwani, anapiga goti, anasema na mahoka, mizimu ya wazee, kwa Kingoni — anaomba mvua, anamtaja kila mtoto kwa jina. Asubuhi inayofuata anarudi jumuiya kuongoza rozari. Mtafiti akamwuliza kwa nini. Naye: "Mungu ni wa wote, ana kazi nyingi. Baba yako ni wetu peke yetu."

Ni sentensi nzuri. Ningeipata mimi ningefungulia nayo taarifa. Lakini "baba yako"? Hakuona kwamba hapo kajitaja mwenyewe? Au aliona, akaipenda mno kuifuta?

Chini yake akaeleza maana yake: Bibi Rozalia anamiliki bima mbili za kiroho.

Bima!

Jumatatu, 9 Juni 2025

Studio, redioni. Chande, fundi mitambo wetu, anataka kujua kaka yangu anafundisha nini hasa. Sosholojia ya dini, nikamwambia.

"Kumbe ni shehe wenu?"

"Hapana. Haamini."

"Sasa?"

"Anatazama wanaoamini."

Chande akafikiri. "Kama refa."

"Refa ana filimbi. Yeye ana peni."

Jioni nimeikumbuka safari yake yote, na ninaiandika hapa mara moja iniishe kichwani. Aliacha seminari kidato cha sita, dadi, baba yetu, hakusema naye mwaka mzima. Akawa mwalimu. Akaenda chuo kikuu, akabaki huko kufundisha. Kisha Ujerumani. Tasnifu yake ilikuwa juu ya wamisionari na watu wa Ungoni, na mtoa habari wake mkuu alikuwa dadi, miezi michache kabla ya kifo. Ikampa udaktari. Bibi yetu alipofariki, wanawake wakagombana kama azikwe na rozari au na ungo wake. Ikawa makala, akapanda kuwa mhadhiri mwandamizi. Binamu yetu Saimon wa Namtumbo akasilimu kwa ajili ya kuoa, mashangazi wakalia. Makala nyingine, profesa mshiriki. Cheo kimoja, ndugu mmoja. Alikuwa amebakiza Mama.

Hatukujali. Yote yalikuwa Kiingereza.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimepita sokoni. Kasiana anauza dagaa wa Nyasa huku kitabu kimekaa juu ya mizani, kimefunikwa kwa gazeti.

"Dada Getruda, hebu niambie ukweli. Mimi ni yupi?"

"Wapi?"

"Humu. Nimejitafuta kurasa zote. Mwaka mzima nimempikia kaka yako kande, nimemfundisha nyimbo, wala jina la uongo hakunipa!"

Wateja walicheka. Nami pia. Kisha akainama kama anachagua dagaa. "Lakini mama yako nimemwona. Na Mzee Eusebi naye kajiona. Amesoma sura yake mara mbili, miwani puani, hajasema neno. Mzee yule akinyamaza ujue anapima."

Nikamwuliza anapima nini.

"Huwezi kumwadhibu profesa wa Dar," akasema. "Mama wa profesa unaweza."

Jumamosi, 14 Juni 2025

Jumuiya ilisali kwa Kasiana. Mama alikwenda na fimbo yake. Alirudi mapema mno, hata jua halijafika kwenye ukuta wa jirani. Akaketi. Akavua viatu mwenyewe.

Kasiana ndiye aliyenieleza, huku anafuta macho kwa upindo wa khanga. Baada ya sala Mzee Eusebi alisimama na kitabu. Akasoma ile ya unga, sauti ya kusomea somo la kwanza. Akauliza: Mama Kunegunda, huyu ni wewe?

Mama akauliza nani kaandika.

"Mwanao."

"Basi. Mwanangu hasemi uongo."

Wamemweka pembeni. Hapokei komunyo, haji jumuiya, jumuiya haiji kwake, mpaka "jambo lisafishwe". Hakuna aliyetaja kifo, lakini ndicho kilichojadiliwa. Padri hazikishi mtu ambaye jumuiya yake haimsemei. Mama ana miaka themanini na saba na kifua kibovu. Amewaosha maiti wanawake wa kata hii, amewaimbia, amewashonea sanda. Yeye sasa ni wa kubebwa na ndugu wanne na jembe la kuazima.

Niliingia kwa Urbani. Alikuwa mezani, kompyuta wazi. Nikamweleza jambo lote kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa. Akavua miwani.

"Wamesema kwa maneno gani hasa? 'Pembeni'? Walitumia neno hilo?"

Nikaondoka kabla sijamjibu.

Jumapili, 15 Juni 2025

Kengele ya misa ililia, Mama akabaki kitandani. Mara ya kwanza ninayokumbuka. Akaniambia nimsomee. Kote alikotajwa.

Nikasoma. Hakunikatiza. Mwisho akauliza: "Maneno yangu yote haya aliyakumbuka vipi? Hakuwa anaandika."

Nikamsomea habari za mfuko wa shati.

Akasema: "Nilikuwa namwona anajigusa kifuani kila akiingia jikoni. Nilidhani ameweka rozari."

Mchana akamwita Urbani. Nilikuwa mlangoni, sikujificha.

"Ile siku nachambua maharage, ukaniuliza habari za kaburi la baba yako. Uliniuliza kama nani?"

"Mama, mtu hawezi kujigawa hivyo. Mimi ni mwanao na ni mtafiti kwa wakati mmoja. Hata nimeandika juu ya hilo, sura ya pili."

"Sijasoma sura ya pili. Nakuuliza wewe."

Akaanza kueleza. Alieleza vizuri, ana sauti ya kufundishia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni, kisha akageukia ukuta.

Jumanne, 17 Juni 2025

Anatembea uani na simu, anazungumza Kijerumani. Baadaye amenieleza bila kuulizwa: kuna kongamano Septemba, wamemwalika. Atawasilisha jambo hili — jumuiya inavyojibu inapojisoma. "Getu, sijawahi kupata kesi kama hii. Hakuna aliyewahi."

Kesi.

Nilikuwa na kisu mkononi, namenya viazi. Niliendelea kumenya viazi.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Nimekwenda kumwona paroko. Kijana, mpole, mchovu. Anasema jambo la jumuiya humalizwa na jumuiya. Akiwapita, kesho hawamsikii. Akaniuliza kama kitabu kinapatikana.

Jumatano, 25 Juni 2025

Mama kabanwa kifua. Tumempeleka Peramiho kwa gari la jirani. Nimonia. Wamemlaza.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Asubuhi padri alipita wodini na komunyo, kitanda kwa kitanda. Alipofika kwetu Mama akafunika mdomo kwa kiganja.

"Baba, mimi nimefungiwa. Usinipe kwa makosa."

Padri hakujua habari zetu. Akasema mgonjwa haulizwi hayo, mama. Mama akatikisa kichwa — hapana. Padri akambariki, akaenda kitanda kinachofuata.

Urbani alikuwa upande wa pili wa kitanda. Nilimtazama mkono. Ulianza kupanda kifuani. Ukashuka. Alikuwa amevaa sweta, haina mfuko.

Sitamwandikia huruma hapa kwa kuwa mkono ulishuka.

Jumatano, 2 Julai 2025

Mama yuko nyumbani tangu juzi. Mwepesi. Ukimwinua unahofia umeinua nguo tupu. Dirisha la chumba chake linatazama uani na anataka libaki wazi mchana.

Kasiana alikuja kwa mlango wa nyuma na bakuli la uji, maana wa mbele amekatazwa. Akakaa juu ya kinu.

"Dada, ngoja nikwambie kitu ambacho hukiandiki." (Naandika. Hiki si gazeti.) "Sote tunamwaga. Mimi namwaga. Mzee Eusebi mwenyewe, mwaka wa ukame, mkewe alikuja kwangu kuazima ulezi. Ulezi wa nini? Hakuna anayepika ulezi kwa Eusebi, wana vidonda vya tumbo wote wawili."

"Sasa mnamfungia Mama kwa nini?"

"Unga wetu haujaandikwa."

Kisha akanipa alichotumwa. Mzee Eusebi atalimaliza. Urbani aje mbele ya jumuiya, asimame, aseme alitunga. Basi. Mama arudi, vitabu vikusanywe, yaishe.

"Aseme alitunga habari ya Mama?"

"Ya mama."

"Na ya Mzee Fidelis?"

Kasiana akanitazama kama mtu anayeulizwa kama mvua ni maji. "Hiyo ndiyo katunga zaidi."

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimemfikishia. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika.

"Siwezi," akasema. "Data ni data. Nikisimama nikasema nimetunga, mtu mmoja atanirekodi, itazunguka kwenye magrupu, itaifikia kamati kabla haijakaa. Mtafiti aliyekiri kutunga! Haitakuwa kitabu hiki tu. Itakuwa vyote. Na itakuwa uongo, Getu. Unaniambia nikadanganye kanisani?"

"Uani."

"Popote."

Mtu asiyeamini chochote, na kumbe ana kitu kimoja asichoweza kukikana. Nilitaka kumtukana, tusi nikalikosa. Mimi mwenyewe sijawahi kukanusha habari ya kweli. Mkuu wa wilaya mmoja alinitisha, mfanyabiashara wa tumbaku akamtuma mtu, sikukanusha. Namwelewa kaka yangu kuliko ninavyopenda.

Tofauti ni moja. Watu wangu waliiona rekoda kabla hawajafungua mdomo.

Nilimwambia hivyo. Akasema hayo ni maadili ya uandishi, sosholojia ina mjadala wake. Mjadala wake!

Jumapili, 6 Julai 2025

Mama amezungumza leo, kidogo kidogo, kati ya kikohozi na kikohozi.

"Nataka nizikwe na watu. Si wa kukodi. Watu ninaowajua wakiimba vibaya."

Nikamweleza sharti la Mzee Eusebi.

"Hapana. Asiseme katunga. Nilimwaga, na nikipona nitamwaga tena. Eusebi anataka niwe msafi kwa uongo?" Akapumzika. "Mimi nataka kimoja. Aseme mbele yao aliniuliza kama nani. Kama ni mwanangu, basi nilikuwa namfundisha mtoto mambo ya nyumbani kwao, na hilo hata Eusebi anawafundisha wake. Kama ni yule wa chuo, basi niliibiwa, na aliyeibiwa haadhibiwi. Achague. Wao wataelewa."

Nimekaa nalo siku nzima. Mwanamke aliyeishia darasa la nne la misheni, na amekigawa kitu ambacho Urbani katumia sura nzima kukikoroga. Sisemi kwamba amemshinda. Nasema kwamba kila upande wa chaguo lake unampunguzia yeye Urbani kitu. Akisema "kama mwana", ile si data, na sura ya tano haina miguu. Akisema "kama mtafiti", hana mama.

Urbani anajua. Nimemwambia neno kwa neno. Akaomba nirudie.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimekwenda kwa Mzee Eusebi mwenyewe. Barazani, penye baiskeli iliyopinduliwa. Ameacha ufundi ila mikono haijaacha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwandishi. Umekuja kuniandika na wewe?"

Nikamwambia nimekuja mikono mitupu. Nikampa ujumbe wa Mama. Alizungusha gurudumu, akalisikiliza.

"Yule jamaa aliyezikwa na ndugu zake wanne," akasema. "Kaka yako kaandika nilikuwa nawatazama. Kweli. Hakuandika kwamba nilikuwa nalia. Hakuniuliza. Mwaka mzima tunachimba naye makaburi, hakuniuliza hata mara moja." Gurudumu likasimama. "Na kitabu kile kinasomwa na wajukuu zangu."

Nikasimama kuaga.

"Jumamosi tutakuja kwenu," akasema. "Aseme atakalosema. Baada ya hapo nami nitasema langu."

Sijui kama ni msamaha au ni hukumu. Nimeondoka nikiamini kwamba alilia kweli. Sipendi kuamini jambo lenye shahidi mmoja.

Jumatano, 9 Julai 2025

Urbani amekubali kusimama Jumamosi. Atasema nini hasemi. Anazunguka bomba la maji, midomo inatembea. Watoto wanaochota maji wameanza kumwigiza.

Mama hajala.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nimepanga viti. Mama ameagiza kitambaa cheupe kifuliwe upya na kitanda chake kisogezwe dirishani.

Nilimkuta Urbani na pasi ya mkaa, umeme umekatika. Anapiga pasi mwenyewe shati la bluu. Lile la mfuko.

"Usiku nimeota niko seminari," akasema, bila kuinua macho. "Nimeitwa kusoma somo, na kitabu hakina maandishi."

Kwa kawaida hasimulii ndoto. Nilingoja kuona kama ataieleza maana yake. Hakuieleza. Akageuza shati, akaanza upande wa kola.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Naandika hapa hapa, kwenye mlango wa jiko unaotazama meza, daftari gotini. Nikingoja jioni nitaandika ninachotaka kukumbuka.

Wamekuja wote. Hata wasiokujaga. Baridi, pumzi za watu zinaonekana. Mzee Eusebi hakuanza kabla ya viti kukaa sawa — amengoja. Kasiana ameanzisha wimbo juu mno, wamemfuata wanavyoweza. Nimemsikia Mama dirishani akiitikia. Sauti nyembamba, maneno yote sahihi.

Sala imekwisha. Mzee Eusebi amesema: "Katibu wetu wa zamani ana neno." Akaketi.

Urbani yuko mbele ya meza. Shati la bluu, koti wazi juu yake. Uso umepauka.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina." Mmoja mmoja, si kwa pamoja. Wanawake kwanza.

"Ndugu zangu. Wazazi wangu. Mwaka ule nilipokaa nanyi..." Amesimama. Ameanza tena. Si sauti ya kufundishia. Hii siijui, au niliijua zamani, kabla ya seminari. "Mama yangu nilimwuliza jambo, akiwa anachambua maharage. Leo nimeombwa niseme nilimwuliza kama nani. Nimelifikiri kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Na jibu langu..."

Kasiana ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mzee Eusebi amevua kofia.

"Jibu langu ni kwamba..."

"Urbani."

Mama. Kutoka dirishani. Watu wote wametazama dirishani isipokuwa Urbani.

"Sema, mwanangu. Nakusikia. Lakini zima kwanza hicho kitu."

Haoni mfuko kutoka pale. Anaona mgongo wake tu, na koti. Sisi wa huku mbele ndio tunaouona mfuko. Tumeutazama. Una uzito. Kitambaa cha bluu kimevutwa chini kidogo.

Kuku wa jirani wanaparua.

Mkono wake wa kulia umepanda. Umepita kifungo. Umefika kifuani, umelala juu ya mfuko kama wa mtu anayeapa, na bado uko pale.